Kuacha pombe: Vikao vya kusaidiana hupatikana wapi, na mgeni hukuta nini ndani

MLEVI anayeamua kuacha pombe aghalabu hufanya uamuzi huo asubuhi, kichwa kikimgonga na mfuko ukiwa mtupu, na huufanya akiwa peke yake. Huapa mbele ya kioo, au mbele ya mkewe, au mbele ya kasisi. Wiki moja hupita salama, pengine mbili. Kisha hufika Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mshahara umeingia, wenzake wa kazini wanampigia simu kumwuliza amepotelea wapi, na kabla ya saa tatu usiku kiapo kimekwisha kuyeyuka.

Katika jioni ya namna hiyo nia peke yake haitoshi. Anachohitaji mtu huyo ni mahali pengine pa kwenda saa ile ile ambayo miguu imezoea kuelekea baa, na watu watakaomwelewa bila ya kumhutubia. Mahali hapo papo. Jijini Nairobi, na katika miji mingine kadhaa ya Afrika Mashariki, watu wanaotaka kuachana na pombe hukutana katika vikao vya kusaidiana visivyotoza ada wala kudai kitambulisho. Hata hivyo, mtu anaweza kupita mbele ya jengo lenye kikao kila siku kwa miaka kumi asijue, kwa sababu vikundi hivyo havitundiki mabango barabarani na wanachama wake hawajitangazi.

Wanaohitaji msaada huo si wachache. Utafiti wa kitaifa uliotolewa na NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya inayopambana na matumizi mabaya ya pombe na dawa za kulevya, ulionyesha mwaka 2022 kwamba Mkenya mmoja kati ya 8 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa akitumia pombe, yaani watu karibu milioni 3.2. Mmoja kati ya 20 alikuwa na uraibu wa pombe. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba pombe ilichangia vifo milioni 2.6 mwaka 2019.

Simu kutoka hotelini

Vikao hivi vilianza kwa mtu aliyekuwa akitafuta wa kuzungumza naye. Mwezi Mei mwaka 1935, Bill Wilson, dalali wa hisa wa New York, alisafiri hadi mji wa Akron katika jimbo la Ohio, Marekani, kwa shughuli ya biashara iliyokwenda mrama. Alikuwa hajagusa pombe kwa muda wa miezi mitano hivi. Akiwa katika ukumbi wa hoteli ya Mayflower, upande mmoja alisikia kelele za baa na upande wa pili aliona simu na orodha ya makanisa. Akachagua simu. Alimpigia kasisi asiyemjua, akaomba aunganishwe na mlevi mwingine. Hakuomba daktari wala mhubiri, aliomba mlevi.

Kupitia kwa mama mmoja wa mji huo, Henrietta Seiberling, siku iliyofuata alikutanishwa na Robert Smith, daktari wa upasuaji ambaye pombe ilikuwa imekaribia kumharibia kazi na nyumba. Smith, akiwa bado anaumwa kwa ulevi wa siku iliyotangulia, alikuwa amekubali kutoa dakika 15 tu. Mazungumzo yaliendelea kwa saa kadhaa, hadi usiku. Tarehe 10 Juni 1935, inayohesabiwa kuwa siku ya mwisho ya Smith kunywa, ndiyo inayochukuliwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa Alcoholics Anonymous, au AA kwa kifupi. Jina ambalo kwa Kiswahili ni kama kusema Walevi Wasiojulikana.

Jambo aliloligundua Wilson siku ile ndilo msingi wa kila kikao hadi leo. Alipokuwa akimsimulia mwenzake namna pombe ilivyomtenda, yeye mwenyewe hamu ya kunywa ilimwondoka. Msaada ulikuwa ukienda pande zote mbili. Kwa hiyo mgeni anayeingia kikaoni akidhani anakwenda kuwasumbua watu hukosea hesabu, kwani waliokaa ndani wanamhitaji yeye pia.

Jumuiya hiyo ilitoa kitabu chake kikuu mwaka 1939, na kutokana na kitabu hicho ikapata jina lake. Mwaka 1941 mwandishi Jack Alexander aliandika habari zake katika gazeti la Saturday Evening Post, na kabla ya mwaka kwisha wanachama walikuwa wamepanda kutoka 2,000 hadi 8,000 hivi. Sasa jumuiya yenyewe hukadiria kuwa na wanachama wapatao milioni mbili katika nchi takriban 180. Hesabu hiyo haiwezi kuwa kamili, maana hakuna daftari la majina.

Pa kuanzia

Njia iliyo fupi zaidi kwa mkazi wa Kenya ni simu. NACADA ina nambari 1192, ambayo mpigaji hatozwi chochote, na anayejibu ni mshauri aliyefunzwa kazi hiyo. Anayepiga si lazima awe mlevi mwenyewe; mke, mzazi au mwajiri anaweza kuuliza ni wapi pa kupata ushauri, kituo cha tiba au kikundi kilicho karibu.

Njia ya pili ni tovuti ya AA, yaani aa.org, yenye sehemu ya kutafutia vikundi kwa nchi. Kuna pia programu ya simu iitwayo Meeting Guide, isiyolipiwa, inayoonyesha vikao kulingana na mahali alipo mtumiaji. Tahadhari moja ni muhimu hapa. Orodha za mtandaoni huchelewa kusahihishwa, na kikundi kinaweza kuwa kimehamia ukumbi mwingine au kubadili saa. Mtu aliyejikaza kwa mwezi mzima hadi akapata moyo wa kwenda, kisha akakuta mlango umefungwa na bawabu hajui lolote, huenda asirudi tena. Ndiyo maana ni busara kupiga simu mapema kuthibitisha siku, saa na mlango wa kuingilia. Wanachama wengi huwa tayari kumlaki mgeni langoni wakiombwa.

Njia ya tatu, isiyokumbukwa sana, ni hospitali na vituo vya kurekebisha tabia. Wauguzi wa wadi za magonjwa ya akili na washauri wa vituo vya uraibu hujua vikundi vilivyo hai, kwa kuwa baadhi hukutana katika majengo yao au huwatembelea wagonjwa. Kwa Nairobi, hospitali ya rufaa ya Mathari ni mojawapo ya mahali pa kuulizia. Kwa Dar es Salaam, idara ya magonjwa ya akili ya Muhimbili.

Wakazi wa Zanzibar na wa baadhi ya miji ya Tanzania Bara wanazifahamu nyumba za kupata nafuu, ambazo wengi huziita soba hausi. Nyingi zilianzishwa kwa ajili ya watumiaji wa heroini, na hufuata mtindo wa Narcotics Anonymous, jumuiya ndugu ya AA iliyoanzishwa California mwaka 1953. Lakini hatua zinazofundishwa humo ni zile zile 12, na mwenye tatizo la pombe akifika hapo kuuliza, kuna uwezekano mkubwa wa kuelekezwa panapomfaa.

Kwa anayeishi mbali na mji, au anayeogopa kuonekana, vikao vya mtandaoni vimekuwa mlango mpya. Vilikuwapo hata kabla, lakini janga la korona la mwaka 2020 lilipofunga kumbi duniani kote, maelfu ya vikundi vilihamia kwenye simu na kompyuta, na vingi havikurudi nyuma. Mtu aliye Kisumu anaweza kuingia katika kikao cha London au cha Johannesburg saa yoyote ya usiku. Inampasa tu akumbuke mambo mawili kabla ya kuingia: kubadili jina linaloonekana kwenye skrini libaki jina lake la kwanza pekee, na kuamua kama kamera itawashwa au la. Wengi wamefichua jina kamili na jina la ofisi yao bila kujua, kwa sababu ya simu waliyoitumia asubuhi katika mkutano wa kazi.

Hospitali kwanza kwa wengine

Hapa pana jambo ambalo halipaswi kupitwa haraka, kwa sababu limewaua watu. Mtu aliyekunywa pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu hatakiwi kuacha ghafla akiwa peke yake nyumbani, hata awe na nia njema kiasi gani.

Ubongo uliozoea pombe hujirekebisha ili uweze kufanya kazi ndani ya ulevi. Pombe inapokatika ghafla, ubongo huo hubaki kama gari lililoachiwa breki mteremkoni. Ndani ya saa 6 hadi 24 mikono hutetemeka, jasho humtoka, moyo humwenda mbio na usingizi humtoroka. Katika siku mbili za kwanza baadhi hupata mshtuko unaofanana na kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne wachache huingia katika hali ambayo madaktari huiita deliriamu tremensi: huweweseka, huona vitu visivyokuwapo, homa hupanda na shinikizo la damu huvurugika. Hali hiyo isipotibiwa inaweza kuua. Hospitalini hutibika, kwa kawaida kwa dawa za jamii ya diazepamu zinazopunguzwa kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1 ili kuukinga ubongo.

Kwa hiyo yeyote ambaye hutetemeka asubuhi hadi apate ya kuzimulia, au aliyewahi kuanguka kifafa alipojaribu kuacha, aanzie kwa daktari, kisha kikao kifuate. Vikundi vyenyewe havitoi dawa wala havitoi ushauri wa kitabibu, na mwanachama mzoefu akimwona mgeni katika hali hiyo humpeleka hospitali. Vivyo hivyo, mgonjwa aliyeandikiwa dawa za mfadhaiko au za kifafa hapaswi kuziacha eti kwa kuwa mtu fulani kikaoni amemwambia kuwa dawa zote ni ulevi. Maneno hayo husikika mara kwa mara, na AA katika machapisho yake imewatahadharisha wanachama wasijifanye madaktari.

Kuhusu matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo za stima, yanayoahidi unga wa kumtilia mlevi katika chakula akaacha pombe bila mwenyewe kujua, itoshe kusema kwamba kumpa mtu dawa asiyoijua ni hatari. Ipo dawa halali, disulfiramu, inayomfanya anayekunywa juu yake atapike na kuvurugika moyo. Hutolewa kwa idhini ya mgonjwa na chini ya uangalizi wa daktari, kwa sababu hiyo hiyo.

Ndani ya ukumbi

Ukumbi wenyewe mara nyingi humshangaza mgeni kwa ukawaida wake: chumba cha kanisa au darasa, viti vya plastiki vilivyopangwa kwa mduara, birika la chai. Hakuna meza ya usajili. Hakuna anayevaa koti jeupe. Kuna mwanamume aliyetoka ofisini akiwa bado na tai shingoni, kuna fundi wa magari, kuna bibi aliyevaa leso, na pengine kuna mtu ambaye mgeni anamfahamu.

Hilo la mwisho ndilo linalowazuia wengi, hasa katika miji midogo ambako watu wote wanajuana. Vikundi hulijibu kwa utaratibu uliobebwa katika jina la jumuiya yenyewe: wanachama hutumia jina la kwanza tu, na aliyeonekana ndani hatajwi nje, wala kilichosemwa hakitoki. Sheria ya nchi hailazimishi siri hiyo kama inavyomlazimisha daktari. Kinachoilinda ni desturi, na ukweli kwamba kila aliyemo angependa kulindwa vile vile. Si ukuta wa chuma. Mtu mwenye kesi mahakamani au mwenye siri inayoweza kumdhuru mtu mwingine afadhali aipeleke kwa wakili au kwa mshauri mwenye leseni kabla ya kuimwaga mbele ya watu 20.

Vikao ni vya aina mbili. Kikao cha wazi huruhusu yeyote, akiwamo ndugu, mwanafunzi au mwandishi wa habari. Kikao cha ndani ni cha wale tu wanaotaka kuacha pombe. Sharti la uanachama ni hilo moja, hamu ya kuacha. Haihitajiki mtu awe ameshaacha. Aliyekunywa mchana haambiwi aondoke ilmuradi hafanyi fujo, ingawa kwa kawaida huombwa asikilize tu siku hiyo.

Kikao huchukua saa moja, au saa moja na nusu. Mwenyekiti, ambaye ni mwanachama tu aliyepewa zamu, hufungua kwa maelezo mafupi yanayosomwa na kwa dakika ya kimya au sala. Katika baadhi ya siku mtu mmoja husimulia maisha yake: alivyokunywa, kilichotokea, alivyo sasa. Siku nyingine husomwa sehemu ya kitabu au hujadiliwa mojawapo ya hatua 12. Kisha kila mmoja hupata nafasi ya kusema, kwa zamu. Msemaji hujitambulisha kwa jina na kukiri kuwa ni mlevi, nao wengine humwitikia kwa kumsalimu. Mgeni asiyetaka kusema husema tu kwamba anapita, na hakuna anayemgeukia kwa mshangao.

Kanuni moja huwapata wageni wetu kwa namna ya pekee. Katika baraza la kawaida la Kiafrika, mtu akieleza shida yake wazee humjibu, humkosoa na humshauri. Kikaoni sivyo. Msemaji akimaliza hashauriwi, habishiwi wala haulizwi maswali. Hushukuriwa, na zamu huenda kwa mwingine. Mara ya kwanza kimya hicho huonekana kama ubaridi. Baada ya vikao vichache mtu huanza kugundua kwamba ni mara ya kwanza kwa miaka mingi amesema ukweli kuhusu pombe bila ya mtu kumkata kauli.

Kapu la michango huzungushwa, kwa sababu vikundi hujilipia kodi ya ukumbi na chai na havipokei fedha za serikali wala za wafadhili wa nje. Mgeni halazimiki kutoa. Vikundi vingi hutoa pia sarafu ndogo za kumbukumbu, ya saa 24, ya mwezi, ya miezi mitatu, ya mwaka. Mtu aliyerudia pombe baada ya miaka minane huchukua tena ile ya saa 24, na kupigiwa makofi kama yule aliyefika leo.

Hatua zenyewe, kwa muhtasari, humtaka mtu akiri kwamba pombe imemshinda, ajichunguze kwa kuandika, amweleze mtu mwingine makosa yake, awaendee aliowadhulumu na kuyarekebisha pale ambapo kufanya hivyo hakuleti madhara mapya, kisha awasaidie wengine. Kazi hiyo hufanywa pamoja na mlezi, yaani mwanachama aliyetangulia ambaye mgeni humchagua mwenyewe na ambaye anaweza kumpigia simu saa nne usiku hamu inapomshika. Desturi inashauri kwamba mwanamke achague mlezi mwanamke na mwanamume achague mwanamume. Ushauri huo una sababu. Mtu katika wiki zake za mwanzo bila pombe ni dhaifu kama mgonjwa aliyetoka kulazwa, na si kila anayeonyesha upole ukumbini ana nia safi. Wanawake, ambao katika jamii zetu hubeba aibu ya ulevi mara mbili, wanaweza kutafuta vikao vya wanawake pekee. Mtandaoni viko vingi.

Kanisa, msikiti na wasioamini

Kwa kuwa vikao vingi hukutana katika majengo ya makanisa na hutaja Mungu, Waislamu na watu wasio na dini hujiuliza kama pana nafasi yao. AA ilichipuka kutoka katika vuguvugu la Kikristo la Oxford Group, lakini ilijitenga nalo kabla ya mwaka 1940, na hatua zake humtaja Mungu kwa namna ambavyo kila mtu anamfahamu. Ukumbi wa kanisa ni wa kukodi tu. Hata hivyo, hali hutofautiana. Kikundi kimoja kinaweza kufunga kikao kwa sala ya Kikristo na kingine kisifanye hivyo. Kwa mlevi wa Kiislamu wa Mombasa au Zanzibar kuna uzito wa ziada, kwani kukiri unywaji ni kukiri jambo lililoharamishwa. Yeye pengine atajiona salama zaidi katika kikao cha mtandaoni, au kwa mshauri wa kituo cha uraibu.

Asiyeridhika na lugha ya kiroho anaweza kujaribu SMART Recovery, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1994. Hiyo hutumia mbinu za kisaikolojia, haina walezi, na huruhusu majadiliano ya moja kwa moja. Nayo ina vikao vya mtandaoni.

Lugha ni jambo jingine la kuuliza mapema. Si kila kikao mjini huendeshwa kwa lugha ambayo mgeni anaitumia anapozungumza kutoka moyoni, na mtu anayetafuta maneno hawezi kusema yote.

Je, vinasaidia?

Kwa miaka mingi madaktari walitilia shaka vikao hivi, kwa hoja kwamba vilisifiwa na walionufaika tu. Mwaka 2020, shirika la Cochrane, linalochambua tafiti za tiba, lilichapisha mapitio ya tafiti 27 zilizohusisha watu 10,565. Watafiti John Kelly, Keith Humphreys na Marica Ferri walikuta kwamba, ambapo wagonjwa waliandaliwa kitaalamu kujiunga na AA, asilimia 42 walikuwa wameacha pombe kabisa baada ya mwaka mmoja, ikilinganishwa na asilimia 35 ya waliopewa tiba nyingine, ikiwamo ile ya kurekebisha fikra na mienendo.

Takwimu hizo zinahitaji kusomwa zote. Zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wameacha kabisa. Pia waliofaulu hawakutupiwa tu anwani ya ukumbi. Walielezwa watakachokikuta, wakahimizwa kwenda na kufuatiliwa. Ndiyo sababu daktari anayemwandikia mgonjwa jina la kikundi kwenye karatasi na kumwaga amefanya nusu ya kazi, na ndugu anayemsindikiza mwenzake hadi kikao cha wazi cha kwanza huenda amefanya nusu iliyobaki.

Wanachama wa zamani huwashauri wageni wahudhurie vikao 90 katika siku 90. Katika mji wenye vikundi vichache hilo ni gumu, na nauli ya matatu kila jioni si jambo dogo, lakini vikao vya ana kwa ana vikichanganywa na vya mtandaoni inawezekana. Wanashauri vilevile kwamba mtu asihukumu kwa kikao kimoja. Vikundi hutofautiana kama madarasa ya shule moja. Kuna kilichojaa wazee wasemao mno, na kuna cha vijana wachangamfu mtaa wa pili.

Waliobaki nyumbani

Mke wa Bill Wilson, Lois, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Al-Anon mwaka 1951, jumuiya ya ndugu na marafiki wa walevi. Nayo ina vikao vyake, na mwenye mume au mtoto mlevi anaweza kwenda hata kama mlevi mwenyewe amekataa katakata. Kinachofundishwa humo huwauma wengi mwanzoni: kwamba hawakuusababisha ulevi huo na hawawezi kuudhibiti. Mama anayemlipia mwanawe deni la baa kila mwezi, au mke anayepiga simu ofisini kusema mume ana malaria, hujifunza kuacha kufanya hivyo, na kuacha huko ni kazi ngumu sawa na kuacha pombe.

Kwa mfanyakazi, kuna hesabu nyingine. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 44, inaruhusu mwajiri kumfuta kazi mara moja mfanyakazi ambaye kwa ulevi ameshindwa kutekeleza kazi yake katika saa za kazi. Aliyefikishwa hapo huwa na kazi ngumu ya kujitetea. Yule anayekwenda kwa afisa wa wafanyakazi mapema, kabla ya barua ya onyo, akiomba likizo ya matibabu na ruhusa ya kutoka saa kumi na moja kamili siku za kikao, huwa bado ana kitu mkononi cha kujadiliana nacho. Si kila mwajiri atakubali, na ni vyema kuanza na daktari ili ombi liwe na karatasi ya hospitali.

Kikao kikimalizika, watu hawatawanyiki mara moja. Husimama na vikombe vyao vya chai, na mmoja wao humwendea mgeni na kumwandikia nambari ya simu, pamoja na mahali na saa ya kikao cha kesho. Karatasi hiyo hukunjwa na kuingizwa mfukoni. Njiani kuelekea kituo cha matatu baa ziko wazi kama kawaida, na simu inatakiwa kupigwa kabla ya kufika hapo.